Mshahara wa kwanza: Hesabu za kufanya kabla ya kutia saini mkopo wowote

Na MWANDISHI WETU

KIJANA aliyehitimu chuo na kuhangaika miaka miwili akibisha milango ya waajiri huipokea barua ya kazi kwa furaha isiyo na kifani. Barua husema mshahara ni Sh60,000 kwa mwezi. Kabla ya mwezi wa kwanza kumalizika, huwa amekwisha kuzigawa pesa hizo akilini: nyumba yenye nafasi, runinga, karo ya nduguye na labda gari dogo kufikia mwisho wa mwaka.

Mwisho wa mwezi hufika, na kinachoingia katika akaunti ni takriban Sh45,000. Kijana hushangaa, hunung'unika kidogo, kisha huendelea kuishi kana kwamba zile Sh60,000 zipo. Pengo la Sh15,000 lililo baina ya mshahara wa barua na mshahara wa mkononi hulijaza kwa mikopo. Hapo ndipo masaibu ya wengi huanzia.

Magazeti na redio huwashauri vijana kila uchao kuhusu mahali pa kuwekeza. Ushauri huo una faida yake, lakini kwa mwajiriwa mpya uamuzi unaoamua hatima yake huja mapema zaidi ya hapo. Huja siku ile anapowekewa fomu ya mkopo mezani na kuonyeshwa mahali pa kutia saini. Makala haya yanafafanua hesabu anazofaa kuzifanya kabla ya siku hiyo.

Barua husema hili, benki husema lile

Tuchukue mfano wa mwanamke kijana aliyeajiriwa jijini Nairobi kwa mshahara wa Sh60,000. Tutatumia viwango vya makato vya mwaka 2025. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo ni vyema kila mfanyakazi aisome hati yake ya mshahara upya kila mwaka.

La kwanza ni Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF). Sheria ya NSSF ya 2013, ambayo viwango vyake vilianza kutekelezwa Februari 2023 baada ya mvutano wa muda mrefu mahakamani, humtaka mfanyakazi atoe asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo kilichowekwa, naye mwajiri aongeze kiasi kama hicho. Kwa dada huyu ni Sh3,600.

La pili ni bima ya afya ya jamii (SHIF), iliyochukua mahali pa NHIF kuanzia Oktoba 2024. Hii hutwaa asilimia 2.75 ya mshahara wote, yaani Sh1,650. La tatu ni ada ya nyumba za gharama nafuu, asilimia 1.5, ambayo ni Sh900. Jumla ya makato hayo matatu ni Sh6,150.

Tangu Desemba 27, 2024, makato yote matatu huondolewa kwanza kabla ya kodi ya mapato kuhesabiwa. Hivyo basi kodi hutozwa kwa Sh53,850. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na kilichobaki hutozwa asilimia 30. Ukijumlisha utapata Sh10,938. Kila mlipa kodi hupewa nafuu ya Sh2,400 kwa mwezi, kwa hivyo kodi anayolipa ni Sh8,538.

Ukiondoa yote hayo, dada yetu hubaki na Sh45,312. Na ikiwa alisomea chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), bado kuna deni la kulipwa. Tuseme hukatwa Sh4,000 kila mwezi. Anachopokea mkononi ni Sh41,312.

Hiyo ndiyo nambari ya kuikariri. Ile ya Sh60,000 ni ya mwajiri na ya Mamlaka ya Ushuru (KRA). Katika kupanga maisha haina kazi.

Tukiwa katika suala la kodi, wengi hudhani kwamba kwa kuwa mwajiri huwakata kodi, wao hawadaiwi lolote. Sheria humtaka kila mwenye nambari ya KRA aliye na mapato kuwasilisha taarifa zake kabla ya Juni 30 kila mwaka, hata kama kodi yote imelipwa. Anayechelewa hupigwa faini isiyopungua Sh2,000. Kazi yenyewe huchukua chini ya saa moja ukiwa na fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri.

Mali bila daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini humfaa mwajiriwa zaidi, kwa sababu mfanyabiashara akikosea hesabu hugutushwa na rafu tupu dukani, ilhali mwajiriwa hufarijiwa na mshahara mwingine unaokuja.

Hebu tuandike daftari la dada yetu. Nyumba ndogo, Sh12,000. Chakula, Sh9,000. Nauli ya matatu kwenda kazini na kurudi, Sh5,000. Umeme, maji, gesi na simu, Sh4,000. Hayo ni mahitaji ambayo hayakwepeki, nayo yanafika Sh30,000. Akituma Sh5,000 nyumbani, jumla ni Sh35,000. Anabaki na Sh6,312.

Msomaji atagundua kwamba katika orodha hiyo hatujataja mavazi, saluni, sadaka, harusi ya rafiki wala mchango wa matanga. Hayo yote yako ndani ya hizo Sh6,312, pamoja na akiba. Hesabu hii inatisha kidogo, na inafaa itishe. Mtu aliyeiona kwenye karatasi hatakubali kirahisi kuambiwa kwamba mshahara wake "unaweza kubeba" mkopo wa kurejeshwa kwa Sh18,000 kila mwezi.

Anayeandika daftari kwa mara ya kwanza asijaribu kukisia. Taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu iliyopita itamweleza ukweli wote, pamoja na ule ambao angependa kuusahau. Azigawe gharama katika mafungu manne: makao, chakula, usafiri na mengineyo. Kwa kawaida fungu la "mengineyo" ndilo humshtua mwenyewe.

Nyumbani kuna haki yake

Wataalamu wa fedha kutoka nchi za mbali huandika kana kwamba mshahara ni wa mtu mmoja. Kwetu sivyo. Kijana aliyesomeshwa kwa kuuzwa ng'ombe, au kwa harambee ya kijiji kizima, ana deni ambalo halimo katika vitabu vya benki yoyote, na kulikana ni kukosa utu.

Tatizo huwa ni namna ya kulilipa. Msaada unaotolewa kila simu inapolia hauna kipimo. Mwezi huu ni karo, ujao ni dawa, wa tatu ni mabati ya paa la mjomba. Anayetoa hachoki kutoa, lakini hushindwa kujua ametoa kiasi gani, na akiishiwa hukopa ili asionekane kuwa mchoyo. Deni hilo hulilipa peke yake.

Njia yenye heshima zaidi ni kuketi na wazazi mapema, ana kwa ana na wala si kwa simu, na kuwaeleza mshahara wa mkononi ni kiasi gani. Wazazi wengi hawajawahi kuona hati ya mshahara, na wanajua tu ile nambari ya barua. Wakionyeshwa makato, wengi huelewa kuliko mtoto alivyotarajia. Kisha wakubaliane juu ya kiasi kimoja cha kila mwezi, hata kiwe kidogo, na kitumwe siku ileile bila kukosa. Karo nayo ina majira yake, na mihula ya shule hujulikana tangu mwanzo wa mwaka, kwa hivyo haifai kuitwa dharura. Huwekewa kando kidogo kidogo.

Akiba ya dharura

Dharura za kweli ni zile zisizo na tarehe: ugonjwa, msiba, kufutwa kazi, mwajiri kuchelewesha mshahara. Kipimo kinachopendekezwa kwa kawaida ni akiba inayotosha mahitaji ya miezi mitatu. Kwa dada yetu, hiyo ni Sh90,000. Akiweka Sh3,000 kila mwezi, itamchukua miezi 30 kuifikia. Kwa hivyo lengo la kwanza liwe mahitaji ya mwezi mmoja tu, Sh30,000, ambalo atalifikia kwa miezi kumi. Akiba haiozi, hata ikijengwa polepole.

Akiba hii ina sharti moja kuu: iweze kupatikana kwa siku moja au chache. Akaunti ya akiba ya benki hutimiza sharti hilo. Vilevile mifuko ya uwekezaji wa muda mfupi iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) huwaruhusu wawekezaji kutoa pesa zao baada ya siku chache, na kwa kawaida hulipa faida kuliko akaunti ya kawaida. Serikali hukata kodi ya asilimia 15 kwenye faida hiyo.

Pesa za dharura hazifai kuwekwa kwenye amana za Sacco, wala kwenye zamu ya chama, wala kukopeshwa rafiki "kwa wiki mbili." Huko kote ni akiba, lakini haipatikani saa nane za usiku hospitalini.

Pesa hizo zitolewe kwenye mshahara siku unapoingia. Anayengoja kuweka akiba kwa kitakachobaki mwisho wa mwezi hatapata kitu cha kuweka.

Bei ya Sh5,000

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Mkopo ni bidhaa kama unga au sukari. Una bei, na bei hiyo hutofautiana kutoka duka moja hadi jingine. Ajabu ni kwamba mtu anayezunguka soko zima kutafuta nyanya za bei nafuu hukopa pesa bila kuuliza bei.

Mikopo ya simu ilianza kuenea nchini baada ya M-Shwari kuzinduliwa Novemba 2012. Ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Nambari hiyo huonekana ndogo. Anayekopa Sh5,000 hulipa Sh375 juu yake, na kwa mtu aliyekwama hizo si pesa za kuzungumziwa.

Lakini wengi hawakopi mara moja. Hulipa leo na kukopa tena kesho, kwa kuwa kulipa kumewaacha mikono mitupu. Anayefanya hivyo mwaka mzima kwa ada hiyo ya asilimia 7.5 hulipa Sh375 mara kumi na mbili, yaani Sh4,500, kwa kutumia Sh5,000 zilezile. Hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka.

Linganisha na Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, kiwango ambacho ni cha kawaida katika vyama vingi. Anayekopa Sh5,000 na kuzirejesha kwa miezi 12 hulipa riba ya Sh325 kwa mwaka mzima. Yaani bei ya mkopo wa simu kwa mwezi mmoja ni kubwa kuliko bei ya mkopo wa Sacco kwa mwaka.

Haimaanishi kwamba mkopo wa simu ni haramu. Kuna siku ambapo Sh375 ni bei nzuri, kwa mfano ikiwa bila pesa hizo ungekosa usaili wa kazi mjini. Unaoumiza ni ule unaogeuzwa kuwa nyongeza ya mshahara. Ukijikuta umekopa kwa simu miezi mitatu mfululizo, jua kwamba tatizo liko katika daftari, na hakuna mkopo utakaoliponya.

Jambo jingine ni nani anayekukopesha. Kwa muda mrefu baadhi ya kampuni za mikopo ya mtandaoni ziliwapigia simu jamaa na wakubwa wa kazi wa wateja wao ili kuwaaibisha. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya (CBK) za mwaka 2022 zilipiga marufuku mtindo huo na kuzitaka kampuni hizo ziwe na leseni. Orodha ya zilizopewa leseni huchapishwa na CBK, na ni vyema kuiangalia kabla ya kuiruhusu programu yoyote isome majina yaliyo ndani ya simu yako.

Asilimia 12 za aina mbili

Mtego mwingine uko katika namna riba inavyohesabiwa. Tuseme wakopeshaji wawili wanakuahidi Sh120,000 za kulipwa kwa mwaka mmoja, na kila mmoja anasema riba yake ni asilimia 12.

Wa kwanza huhesabu riba kwenye salio linalopungua. Kila mwezi unapolipa Sh10,000 za deni, riba ya mwezi unaofuata huhesabiwa kwa kilichobaki tu. Kufikia mwisho wa mwaka utakuwa umelipa riba ya Sh7,800.

Wa pili huhesabu riba kwenye deni lote tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama umekwisha kulipa nusu yake. Kwake utalipa Sh14,400. Asilimia ni ileile, lakini bei inakaribia kuwa maradufu.

Kwa hivyo usiulize tu, "Riba ni asilimia ngapi?" Uliza, "Nikichukua pesa hizi, kwa jumla nitarudisha shilingi ngapi, pamoja na ada ya kushughulikia mkopo na bima?" Omba jibu hilo kwa maandishi. Mkopeshaji mwaminifu atakupa jedwali la malipo ya kila mwezi. Anayesitasita amekwisha kukujibu.

Kwa kipimo hichohicho utaona kwamba deni la HELB, ambalo riba yake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, ndilo la bei nafuu kuliko yote. Hakuna haja ya kujinyima ili ulimalize haraka huku ukidaiwa kwa asilimia 90 kwingine. Lakini usilikwepe. Malipo hutarajiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayepuuza hutozwa faini ya Sh5,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kingetosha kulipia deni lenyewe. Kanuni ni nyepesi: lipa yote kwa kiwango cha chini kilichokubaliwa, kisha kila shilingi ya ziada ielekeze kwenye deni lenye bei ya juu zaidi.

Theluthi moja ya sheria

Mwezi wa nne au wa tano kazini, baada ya muda wa majaribio, mwajiriwa huanza kutembelewa na mawakala wa mikopo inayolipwa moja kwa moja kutoka kwenye mshahara. Humwambia habari njema: anaweza kukopa hadi pale sheria inapomruhusu.

Sheria wanayoitaja ni ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo husema kwamba makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Lengo lake ni kumlinda mfanyakazi asirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini ulinzi huo umegeuzwa kuwa kipimo cha uwezo wa kukopa.

Tumrudie dada yetu. Theluthi mbili za Sh60,000 ni Sh40,000. Makato ya lazima na ya HELB ni Sh18,688. Akiwa pia anaweka Sh3,000 kwenye Sacco, jumla ni Sh21,688. Wakala atamwambia kwamba ana "nafasi" ya Sh18,312 kila mwezi, na kwamba pesa hizo zinatosha kununua lile gari dogo alilolitamani.

Akitia saini, atapokea Sh20,000 mkononi. Mahitaji yake pamoja na ya nyumbani ni Sh35,000, na hapo hatujahesabu mafuta ya gari, bima wala maegesho. Ana pengo la Sh15,000.

Mwezi wa kwanza atakopa Sh15,000 kwa simu. Mwezi wa pili atatakiwa kurudisha Sh16,125 na bado ana pengo lilelile, kwa hivyo atahitaji Sh31,125. Mwezi wa tatu, kwa ada ileile, atahitaji Sh48,459. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya anachopokea. Gari liko nje limeoshwa likang'aa, lakini mwenyewe anapanda matatu kwa kukosa mafuta. Ndiyo maana ya kukopa harusi na kulipa matanga.

Jambo la kuangalia hasa ni muda. Vijana wengi siku hizi huajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, ilhali mkopo huwa wa miaka minne. Mkataba usipofanywa upya, mshahara hukoma lakini deni huendelea. Isitoshe, jina la asiyelipa hupelekwa kwa mashirika ya kuhifadhi taarifa za wakopaji (CRB), na atakapohitaji mkopo wa maana, kama wa ardhi, atafungiwa mlango. Usikope kwa muda unaopita mkataba wako wa kazi.

Sacco na saini ya mdhamini

Vyama vya akiba na mikopo vimewajengea Wakenya wengi nyumba na kuwasomeshea watoto. Utaratibu wake unajulikana: unaweka amana kila mwezi, kisha unaruhusiwa kukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya amana zako. Dada yetu akiweka Sh3,000 kwa miaka miwili atakuwa na Sh72,000, na ataweza kuomba hadi Sh216,000.

Ni vyema kuelewa masharti mawili. La kwanza, amana za Sacco hazitolewi kama pesa za benki. Anayezitaka hulazimika kujiuzulu uanachama, na kwa kawaida husubiri siku 60 baada ya kutoa notisi. La pili, mkopo huhitaji wadhamini, nao huweka amana zao rehani.

Hapa ndipo urafiki hupimwa. Mwenzako wa ofisini anakuja na fomu, anakuambia ni saini tu. Tuseme amana zako ni Sh36,000, akiba ya mwaka mzima. Anakopa, kisha anaacha kazi akiwa na salio la Sh180,000 lisilo na fidia, na wadhamini ni watano. Kila mmoja atakatwa Sh36,000. Akiba yako yote imekwenda, na hukutumia hata shilingi moja ya mkopo huo. Vilevile, maadamu unamdhamini mtu, huwezi kujiondoa na kuchukua amana zako hadi alipe au apate mdhamini mwingine.

Hatusemi usimdhamini mtu, kwani nawe utahitaji kudhaminiwa, na mkono mtupu haulambwi. Tunasema umdhamini mtu ambaye, mambo yakiharibika, uko radhi kumlipia. Kama hauko radhi, mwambie kwa upole siku ya fomu. Aibu ya siku hiyo ni ndogo kuliko uhasama wa miaka mitano.

Mahali salama

Kabla ya kumkabidhi mtu yeyote pesa zako, uliza ni nani anayemsimamia na ni nani atakayekufidia. Wateja wa Imperial Bank iliyofungwa Oktoba 2015, na wa Chase Bank iliyowekwa chini ya mrasimu Aprili 2016, walijua uchungu wa kusimama nje ya mlango uliofungwa. Tangu mwaka 2020, bima ya amana inayosimamiwa na shirika la KDIC humlipa mteja wa benki hadi Sh500,000 benki inapoanguka. Kwa mwajiriwa kijana, kiasi hicho hutosha kukinga akiba yake yote.

Kinga hiyo haihusu Sacco. Kwa hivyo anayejiunga na Sacco inayopokea amana kutoka kwa umma na ahakikishe kwamba imo katika orodha ya mamlaka ya SASRA, ambayo huchapishwa kila mwaka, na ahudhurie mikutano mikuu ili asikie hesabu zinasomwa.

Na anayeahidiwa kwamba pesa zake zitaongezeka maradufu kwa miezi michache akumbuke mwaka 2007, wakati biashara za piramidi kama DECI zilipoanguka na kuwaacha maelfu ya Wakenya wakilia. Majina hubadilika na siku hizi mialiko huja kwa simu, lakini mbinu ni ileile: faida ya wa jana hulipwa kwa pesa za wa leo.

Siku ya fomu

Tuseme basi dada yetu amefuata ushauri huu. Baada ya mwaka mmoja ana Sh36,000 za dharura na Sh36,000 nyingine kwenye Sacco. Hana gari. Anaishi katika nyumba ileile ndogo, na huenda marafiki wakamcheka kidogo.

Lakini mama akiugua usiku, hatakopa. Mwajiri akichelewesha mshahara kwa mwezi mmoja, kodi ya nyumba italipwa. Na wakala wa mikopo akija na fomu yake, atamuuliza maswali matatu kabla ya kushika kalamu: Kwa jumla nitarudisha shilingi ngapi? Nitabaki na kiasi gani mkononi kila mwezi? Na kazi ikiisha kesho, nani atalipa?

Wakala akimjibu maswali hayo kwa maandishi, na majibu yakiingia katika daftari bila kulipasua, basi na atie saini kwa moyo mkunjufu, kwani mkopo mwema hujenga. Yakikataa kuingia, afunge daftari, amshukuru mgeni na arudi kazini.